Mitambo ya Redio Kigoma: Nidhamu Kwanza, Nguvu Baadaye

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipomkuta Dakta Livingstone pale Ujiji, habari ya mkutano huo haikuwa na njia ya kuufikia ulimwengu isipokuwa miguu ya wapagazi hadi pwani, na kisha merikebu. Miezi mingi ilipita kabla haijasomwa magazetini huko Ulaya. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, miezi iligeuka kuwa siku. Redio ilipokuja, siku ziligeuka kuwa kufumba na kufumbua. Leo neno litamkwalo Dar es Salaam laweza kusikika kwenye mwambao wa Tanganyika, umbali wa kilomita 1,252 kwa njia ya reli, kabla msikilizaji hajashusha pumzi.

Ni mikoa michache nchini inayohitaji mawasiliano ya redio kama Kigoma. Ziwa lake lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina cha zaidi ya mita 1,400, nalo linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Vijiji vingi vya mwambao, kuanzia Kagunga kaskazini hadi Kalya kusini, vimezoea kufikiwa kwa maji zaidi kuliko kwa barabara. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao, na upepo wa ziwa haumngoji mtu. Nahodha, rubani, mganga wa zahanati, askari polisi na mwalimu wote, kila mmoja kwa namna yake, huishi kwa kutegemea mawimbi yasiyoonekana kwa macho.

Taifa lilikwisha kuonyesha jinsi mawimbi hayo yanavyoweza kujenga. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kazi ile iliwezekana kwa sababu maneno yaliwafikia wasikilizaji yakiwa yanasikika vizuri. Redio isiyosikika vizuri haiwezi kufundisha wala kuonya.

Kwa hiyo jambo linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, yaani usafi wa mawimbi yatokayo katika vikuza mawimbi ambavyo mafundi huviita amplifaya, ni jambo la umma. Aidha ni jambo ambalo uamuzi wake mkubwa haufanywi na fundi aliye juu ya mnara. Hufanywa na ofisa aliye mezani, anayetia saini hati ya ununuzi, anayepanga fungu la matengenezo na anayetoa kibali cha kusimamisha mnara mwingine juu ya kilima kilekile. Ofisa huyo asipoufahamu ugonjwa, atanunua dawa isiyofaa.

Ugonjwa wenyewe huitwa intamodulesheni, na kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara amekwisha kuusikia. Kipaza sauti kikifunguliwa kwa kiasi, msemaji husikika kama alivyo. Kikifunguliwa kupita uwezo wake, huku kwaya ikiimba na msemaji akiendelea kunena, hutokea mkwaruzo ambao si wa kwaya wala si wa msemaji. Ni sauti ya tatu, iliyozaliwa ndani ya chombo chenyewe. Chombo hicho kimefikishwa mahali ambapo hakiwezi tena kuongeza kinachotoka kwa kadiri ya kinachoingia. Kilele cha wimbi hubanwa, na katika kubanwa huko sauti mbili hushikana na kuzaa nyingine.

Mambo ni hayohayo katika mitambo ya redio. Mawimbi mawili yenye masafa tofauti yakiingia pamoja katika amplifaya iliyolemewa, hutoka mawili yale na watoto wao. Walio wabaya zaidi ni wale wa daraja la tatu, wanaopatikana kwa kuzidisha masafa moja mara mbili na kutoa mengine. Chukua kwa mfano wa hesabu tu masafa ya megahezi 98.0 na 98.6. Watoto wao watatokea kwenye 97.4 na 99.2, papo hapo kando ya wazazi, mahali ambapo pengine pana kituo kingine kilichopewa kibali halali. Kwa kuwa wapo karibu mno, chujio la kawaida haliwezi kuwatenga bila kuwaumiza wazazi wenyewe.

Idadi ya watoto hao huongezeka upesi kuliko idadi ya wazazi. Mawimbi mawili huzaa michanganyiko miwili ya namna hiyo karibu nao. Mawimbi matatu huweza kuzaa 9. Mawimbi matano huweza kuzaa hadi 50. Tangu Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya Serikali, na tangu simu za mkononi zilipoenea, vilima vilivyo juu ya miji yetu vimejaa minara. Ni maendeleo ya kujivunia. Lakini wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kilima kimoja chenye mafahali watano kinahitaji mchungaji aliye macho.

Madhara yake hayaishii katika kukwaruza muziki wa jioni. Matangazo ya FM hutumia masafa hadi megahezi 108, na kuanzia hapo hapo juu huanza masafa ya vyombo vya kuongozea ndege na ya mazungumzo baina ya rubani na mnara wa uwanja. Ikiwa kituo kimoja kinatangaza katika 107.5 na kingine katika 96.0, hesabu ileile inatoa 119.0, ambayo imo ndani ya eneo la marubani. Rubani anayekaribia kutua, akiwa na ziwa upande mmoja na vilima upande wa pili, hapaswi kusikia kelele au vipande vya maneno ya mtangazaji mahali pa maagizo ya kutua. Hatari hiyo ilitambuliwa duniani zamani, hata kanuni za usafiri wa anga za kimataifa zikataka, kuanzia mwaka 1998, vyombo vya ndege vya kupokelea mawimbi ya kutulia viwe na kinga dhidi ya michanganyiko ya daraja la tatu itokayo katika vituo vya FM. Kinga iliyo ndani ya ndege, hata hivyo, haimwondolei aliye chini wajibu wa kutochafua.

Majini hali ni hiyohiyo. Mwito wa chombo kilicho hatarini hupelekwa katika megahezi 156.8, nao mara nyingi huwa ni mwito dhaifu utokao mbali. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, na meli ya Liemba ikawa inawapakia kwa mamia kuwaleta Kigoma huku kipindupindu kikiwaandama, kila mtu aliona maana ya mawasiliano katika mwambao usio na barabara ya kutegemewa. Katika siku kama zile, neno moja lililofunikwa na kelele laweza kuwa idadi ya dawa, au idadi ya watoto waliomo katika boti.

Ama kuhusu tiba, ipo tiba ya uongo ambayo hupendwa kwa kuwa huonekana kama ushujaa. Msikilizaji akilalamika kwamba kituo hakisikiki vizuri, husemwa mara moja: ongeza nguvu, nunua amplifaya kubwa zaidi, ifungulie mpaka mwisho. Wati huandikwa kwa fahari katika taarifa ya mwaka. Kumbe mara nyingi kinachokosekana ni usafi, na nguvu inayoongezwa katika chombo kilicholemewa huongeza uchafu kwa kasi kuliko inavyoongeza neno. Debe tupu haliachi kuvuma, na amplifaya iliyolemewa nayo huvuma.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na yafaa kukumbukwa na kila mwenye kutia saini. Katika amplifaya inayobeba mawimbi mengi kwa pamoja, kama zile za simu za mkononi au zile za kuunganisha vituo kadhaa, mawimbi yote yakipunguzwa nguvu kwa nusu, uchafu wa daraja la tatu haupungui kwa nusu. Hupungua hadi sehemu moja ya nane, madhali chombo hakijasukumwa hadi kikomo chake. Nayo nguvu ya wimbi mahali alipo msikilizaji hushuka kwa theluthi moja hivi tu. Kwa maneno mengine, aliyekubali kupoteza kidogo amepata kingi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hununua amplifaya yenye uwezo mkubwa kuliko anaouhitaji, kisha akaitumia chini ya uwezo huo.

Pale ambapo nguvu haiwezi kupunguzwa, sayansi imetoa njia nyingine, na historia ya mojawapo ingemfurahisha msafiri yeyote wa majini. Mwaka 1927, mwaka uleule ambao Liemba, iliyozamishwa wakati wa vita na kuopolewa mwaka 1924, ilirudi kazini katika Ziwa Tanganyika, mhandisi kijana wa maabara za Bell huko Marekani, Harold Black, alikuwa akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini New York. Tatizo lililomsumbua lilikuwa hili hili: simu za mbali zilipitia amplifaya nyingi zilizofuatana, kila moja ikaongeza uchafu wake, hata mazungumzo yakaingiliana. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti, akiwa ndani ya kivuko, alichora juu ya ukurasa wa gazeti wazo la kuchukua sehemu ndogo ya kinachotoka, kuigeuza, na kuirudisha mwanzoni ili ikanushe kosa la chombo chenyewe. Mrejesho huo hupunguza ukuzaji, lakini huleta usafi. Black aliona kwamba hiyo ni biashara nzuri.

Kabla ya hapo Black huyohuyo alikwisha kubuni njia ya pili: kulipima kosa baada ya kutokea, kulikuza peke yake, na kulitoa katika wimbi kabla halijafika kwenye antena. Njia ya tatu, ambayo leo hufanywa na kompyuta ndogo ndani ya mitambo ya simu, ni kulipinda wimbi kwa makusudi kabla halijaingia katika amplifaya, upande ulio kinyume na amplifaya itakavyolipinda, ili mwishoni litoke likiwa limenyooka. Njia zote tatu zina fundisho moja: chombo chema ni kile kinachokubali kupimwa, kuonyeshwa kosa lake na kusahihishwa. Ofisi nyingi zingenufaika na fundisho hilo.

Mitambo ya FM ina ugonjwa wa namna nyingine kidogo. Mtambo wa FM kwa kawaida hubeba wimbi moja tu, na ukiwa peke yake kilimani haupati mwenzi wa kuzaa naye. Lakini mawimbi ya jirani huingia kwa kupitia antena, hushuka kwa waya hadi kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya, huchanganyika humo, na mchanganyiko hupanda tena na kutangazwa. Hapa tiba ni kuzuia mlango. Antena zitenganishwe kwa umbali wa kutosha. Kila mtambo ufungwe chujio linalopitisha masafa yake peke yake, nalo hufanya kazi mara mbili: humpunguza mgeni anapoingia, na huupunguza mchanganyiko unapotoka. Pale palipo na msongamano mkubwa, kiongezwe kile kifaa kiitwacho aisoleta, kinachoruhusu nguvu kupita upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka nje na kukataa kufunguka ndani.

Isitoshe, uchafu huweza kuzaliwa mahali pasipo na amplifaya yoyote. Boliti iliyoota kutu, kiungo cha waya kilicholegea, au bati lililogusana na chuma vibaya, huyachanganya mawimbi makali yanayopita karibu. Katika mwambao wenye unyevu na mvua za miezi mingi, kutu haihitaji mwaliko. Mnara usiopakwa rangi ni mnara unaotangaza bila kibali. Wakati mwingine kosa limo katika redio ya mpokeaji iliyo karibu mno na minara. Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kupima: hupunguza kwa nusu mawimbi yote yanayoingia katika chombo cha kupokelea. Kelele ikipungua kwa nusu, inatoka nje. Ikishuka hadi sehemu moja ya nane, inazaliwa ndani ya chombo hicho. Kipimo hicho kidogo huweza kuepusha barua nyingi za kulaumiana baina ya ofisi na ofisi.

Kutokana na hayo, wajibu wa watumishi wa umma unaonekana waziwazi. Kwanza, kila kilima chenye minara kiwe na daftari moja la mitambo yote iliyopo, ya Serikali na ya watu binafsi, likionyesha masafa, nguvu na mahali pa antena, na hesabu ya michanganyiko ifanywe kabla mtambo mpya haujawashwa. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Mgeni wa mwisho kufika kilimani alipe gharama ya kuthibitisha kwamba hatawadhuru wenyeji. Na wenyeji nao wasijifiche nyuma ya ukongwe wao, bali watunze mitambo yao ipasavyo.

Pili, hati za zabuni zisitaje wati peke yake. Zitaje kiwango cha usafi kinachotakiwa, na mtambo usipokelewe mpaka umepimwa kwa kupitishiwa mawimbi mawili kwa pamoja mbele ya mnunuzi. Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina kazi ya kuthibitisha aina za vifaa na kusimamia masafa. Lakini mamlaka haiwezi kukaa katika kila kamati ya ununuzi. Vilevile viongeza mawimbi vya bei nafuu, ambavyo watu hujifungia wenyewe madukani na majumbani, vikuzavyo kila kinachopita bila kuchagua, visionekane kuwa werevu. Anayejifungia chombo hicho hutatua shida yake kwa kuihamishia kwa jirani.

Tatu, fungu la matengenezo lisiwe la kwanza kukatwa. Upo usemi unaotolewa kwa nia njema, kwamba shule zina upungufu wa madawati na zahanati zina upungufu wa dawa, hivyo chujio la redio lingoje. Usemi huo unastahili kujibiwa kwa heshima. Chujio si anasa iliyo nje ya huduma. Ni sehemu ya bei halisi ya mtambo, kama breki zilivyo sehemu ya bei ya gari. Aliyenunua gari bila breki hakuokoa fedha. Kama fedha hazitoshi kununua mtambo mkubwa pamoja na chujio lake, basi ununuliwe mtambo mdogo pamoja na chujio lake. Kwa vituo vidogo vya jamii, visivyo na uwezo wa kujinunulia kila kitu, kushirikiana mnara mmoja, antena moja na machujio yaliyopangwa pamoja ni nafuu kuliko kila mmoja kujisimamishia chuma chake na kugombana na mwenzake.

Nne, mawimbi hayaoneshi pasi mpakani. Yale ya Kigoma huvuka ziwa, na yale ya Burundi na Kongo huja kwetu. Mpango wa Geneva wa mwaka 1984 ulikwisha kuweka utaratibu wa kugawana masafa ya FM baina ya nchi, Afrika ikiwamo. Nchi inayotaka jirani yake asiichafulie haina budi kufika mezani ikiwa nyumba yake ni safi.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa hisabati wanaweza kuufanya ugonjwa huu kuwa somo la kusisimua, kwa redio ndogo, kipaza sauti cha shule na hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Mwanafunzi wa Ujiji aliyejionea mwenyewe jinsi sauti mbili zinavyozaa ya tatu ndiye atakayekuwa fundi wa kesho, anayepanda mnara akijua anachokitafuta. Taifa lisilo na mafundi wa namna hiyo litaendelea kununua nguvu na kushangaa kwa nini halisikiki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mawimbi hauonekani kwa macho, na ndiyo sababu hupuuzwa hadi siku rubani anapouliza mara ya tatu na asipate jibu linaloeleweka, au siku boti inapoita usiku kutoka kusini mwa Kigoma na anayesikiliza akasikia muziki. Siku hiyo haitasaidia kuuliza mtambo ulikuwa na wati ngapi. Litakaloulizwa ni nani aliyetia saini bila kuuliza kuhusu chujio, nani aliyefuta fungu la rangi na boliti, na nani aliyejua akanyamaza. Yafaa maswali hayo yaulizwe sasa, mezani, wakati majibu yake bado ni ya gharama ndogo.